Kauri Angavu Inapogoma Kung'aa: Kulitafuta Kosa Kutoka Kwenye Mwanga Hadi Kwenye Mizani

"Mwalimu, kimelia," mwanafunzi aliniambia asubuhi moja ya Aprili, masika yakiwa yamekaza. Mkononi alishika kisahani, na ndani yake kidonge cha kauri ambacho jana yake kilikuwa angavu, ukikiweka juu ya gazeti unasoma herufi zote. Sasa kilikuwa kimepauka kama nyama ya nazi, ukingo umemeguka, na kisahani kimetota.

"Hakijalia, mwanangu. Kimekunywa usiku kucha."

Kidonge kile kilikuwa na erbiamu, elementi inayoifanya kauri ing'ae ikimulikwa, na kwa wiki mbili kijana alikuwa akiihangaikia erbiamu hiyo. Imepungua? Imezidi? Imekaa mahali pasipo pake? Erbiamu haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa limeshatendeka kwenye mizani, siku unga ulipopimwa alkali (yaani potasiamu na sodiamu) zikiwa zimezidi, dirisha likiwa wazi na upepo wa bahari ukiingia. Kwa sababu hiyo nimeuandika mwongozo huu kinyumenyume. Unaanza na kile ambacho jicho na spektromita, yaani kifaa cha kuupima mwanga rangi kwa rangi, vinaona, kisha unarudi nyuma hadi tanuri, hadi unga, hadi mizani. Hapa Mombasa nimeona kauri hizi zikibeba kumbukumbu mbili ambazo mpimaji hazioni. Ya kwanza ni unyevu zilioupata zikiwa bado unga. Ya pili ni mwanga ziliokutana nao baada ya kuiva.

Kauri tunazozungumzia

Kauri ya feroelektriki ni ile ambayo chaji zake za ndani zimeegemea upande mmoja, na mwegemeo huo hugeuzwa kwa volteji, kisha hubaki ulivyo hata volteji ikiondolewa. Joseph Valasek ndiye aliyeionyesha tabia hii katika chumvi ya Rochelle, miaka ya 1920 ikianza. Kauri nyingi za namna hii ni nyeupe zisizopenyeka kwa mwanga. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1970, Gene Haertling na Cecil Land wa Maabara ya Taifa ya Sandia, Marekani, walionyesha kwamba mchanganyiko wa risasi, lanthanamu, zirkoniamu na titaniamu, ukikandamizwa huku ukipashwa moto, hutoa kauri inayopitisha mwanga kama kioo. Mchanganyiko huo huitwa PLZT.

Risasi ni sumu, na wengi wetu leo tunatumia niobeti ya potasiamu na sodiamu, yaani KNN. Ndani yake tunatia kiasi kidogo cha elementi ya ardhi adimu. Mimi huiita kiungo, kwa sababu kama iliki kwenye chai, ikipungua huisikii na ikizidi huharibu. Erbiamu hutoa kijani na nyekundu. Europiamu, praseodimiamu na samariamu hutoa wekundu na rangi ya machungwa, kila moja kwa namna yake.

Kila ninapofungua kichupa cha oksaidi ya niobiamu iliyotoka ng'ambo hukumbuka kwamba kilima cha Mrima, hapo Kwale, kimekalia niobiamu na elementi za ardhi adimu, na juu yake umesimama msitu wa kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Sisemi kichimbwe, wenye kaya yao wana haki yao. Nasema tu kwamba vitu hivi si vigeni kwetu, na mtoto wa Msambweni au wa Kisauni ana kila sababu ya kuzijua tabia zake.

Hakuna mng'ao hata chembe

Usianze na kauri, anza na leza. Mwanga wa nanomita 980 unaotumika kuamshia erbiamu hauonekani kwa macho, kwa hiyo leza iliyokufa na leza iliyo hai zinafanana kabisa. Vaa miwani ya kinga inayozuia urefu huo wa wimbi, kisha tumia kadi maalumu ya kugundulia infraredi. Jicho lisiwe usawa wa leza hata kwa sekunde, maana jicho halijui kujifumba mbele ya kitu lisichokiona.

Leza ikiwa hai, uliza joto lake. Diodi za aina hii husogeza urefu wa wimbi kwa takriban nanomita 0.3 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Chumba kilichokuwa nyuzi 20 kikifika 33 kwa sababu kiyoyozi kimezimwa, leza imesogea nanomita karibu 4, na huenda imeteleza kutoka pale erbiamu inapofyonza vizuri. Nimeona mtu akitupa vidonge vizima kwa kosa hili.

Halafu hakikisha umeipa kila elementi mwanga wake. Europiamu hupenda nanomita 394 au 465, samariamu karibu na 407, praseodimiamu bluu ya karibu na 450. Ukiimulika europiamu kwa 980 peke yake utakaa mpaka magharibi. Erbiamu ndiyo yenye kipaji cha kupokea vipande viwili vya infraredi na kuvirudisha kama kipande kimoja cha kijani, jambo ambalo François Auzel alilieleza mwaka 1966 alipoonyesha jinsi iterbiamu, elementi nyingine ya ardhi adimu, inavyofyonza na kumpa jirani yake nishati.

Praseodimiamu ina shauri la peke yake. Oksaidi yake ya dukani ni nyeusi inayoelekea kahawia, kwa sababu sehemu yake imebeba chaji nne badala ya tatu, na yenye chaji nne haing'ai. Ikiwa kidonge chako kina rangi ya kahawia hafifu na hakitoi wekundu, shuku hilo kabla ya jambo jingine.

Mng'ao upo, lakini si wa kauri

Hili limenipotezea muda mwingi kuliko nilivyotarajia. Taa za tyubu zilizoko kwenye dari za maabara nyingi zina ungaunga mweupe ndani ya kioo, na sehemu nyekundu ya ungaunga huo aghalabu ni oksaidi ya itriamu iliyotiwa europiamu. Inatoa mstari mkali karibu na nanomita 611. Sehemu ya kijani hutiwa terbiamu, na mstari wake uko karibu na 543, jirani kabisa na mstari wa zebaki wa 546. Sasa mtu anapima kauri yenye europiamu taa ikiwa inawaka, anapata kilele kizuri cha 611, anafurahi. Amepima dari.

Ziba leza kwa kipande cha chuma, acha spektromita iendelee kusoma. Kilele kikibaki, si chako. Zima taa, funga pazia, rudia.

Mgeni mwingine ni kivuli cha mwanga wa kuamshia. Wavu wa spektromita huutoa mwanga wa nanomita 300 mara ya pili pale palipoandikwa 600, na wa 325 pale palipoandikwa 650. Kwenye kauri nyekundu hizo ndizo sehemu unazozitazamia. Weka kichujio kinachokata kila kitu kilicho chini ya nanomita 400 mbele ya kipokezi. Mng'ao wa kweli utapita, kivuli kitakufa.

Kidonge angavu kinang'aa kidogo kuliko cheupe

Wanafunzi huliona hili kama balaa. Vidonge viwili vya unga mmoja, kimoja kimeiva vizuri na kinapenyeka, kingine kimetoka cheupe chenye vitundu. Ukivimulika sawasawa, cheupe kinawaka zaidi! Basi mtu anahitimisha kwamba uangavu unaua mng'ao, anaandika hivyo kwenye ripoti.

Tazama ukingo wa kile kidonge angavu, si uso wake. Utaona duara la kijani linalowaka kama mshumaa uliofichwa.

KNN hupinda mwanga kwa kiasi cha karibu 2.25. Mwanga uliozaliwa ndani ukifika usoni kwa pembe inayozidi takriban nyuzi 26 kutoka kwenye wima hauwezi kutoka. Unarudishwa ndani, unapigwa tena na uso wa chini, mpaka unafika ukingoni. Ukipiga hesabu, ni kama asilimia 5 tu ya mwanga wote inayotoka moja kwa moja kwa kila uso. Kidonge cheupe hakina tatizo hilo, kwa kuwa vitundu vyake huvuruga njia ya mwanga na kuutema nje kuelekea kipokezi. Tena vitundu hivyohivyo huuzungusha mwanga wa leza ndani, ukapata nafasi ya kufyonzwa mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo usilinganishe angavu na cheupe kwa kutazama uso. Ikiwezekana tumia tufe la kukusanyia mwanga, ambalo hupokea kutoka pande zote. Kama huna, linganisha angavu na angavu za unene mmoja na mng'arisho mmoja, na uandike unene huo.

Kuna upande wa pili ambao ni wa kweli na mtu aukubali. Ili KNN iwe angavu, tunaisukuma fuwele iwe karibu na mchemraba kamili, kwa mfano kwa kuongeza strontiamu pamoja na skandiamu, na punje ziwe ndogo kuliko maikromita moja. Mchemraba unapokaribia ukamilifu, hupungua ule upogo wa mazingira unaoisaidia elementi ya ardhi adimu kutoa mwanga. Europiamu hukuonyesha hili waziwazi. Mstari wake wa karibu na 592 haujali sana mazingira, lakini ule wa karibu na 614 huyategemea mno. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Jibu likishuka kadiri unavyoongeza strontiamu, fuwele inanyooka na mng'ao unalipa gharama yake. Mwegemeo wa feroelektriki nao hupungua. Hapo hakuna kosa la kutafuta. Ni kuchagua unataka nini zaidi, na mimi huchagua uangavu wa wastani ili nibaki na vyote vitatu: uangavu, mng'ao na mwegemeo.

Mng'ao unashuka huku ukipima

Washa mwanga wa kuamshia, mstari unasimama juu. Dakika tano baadaye umeshuka, na hujagusa kitu. Kuna sababu mbili kubwa, na zinatofautishwa kwa jaribio moja dogo linalohitaji subira tu. Zima mwanga, acha kauri ipumzike robo saa gizani, kisha upime tena.

Mng'ao ukirudi ulikoanza, ni joto. Leza ya 980 ikikusanywa kwenye doa dogo huipasha kauri, na joto hufungua njia ambazo nishati hutorokea bila kutoa mwanga. Kwa erbiamu huna haja ya kukisia, kwa maana kauri yenyewe ni kipimajoto. Kijani chake kina mikanda miwili, mmoja karibu na 525 na mwingine karibu na 550. Ngazi ya juu hupata elektroni zake kutoka ngazi ya chini kwa nguvu ya joto, hivyo kadiri kauri inavyopata moto, mkanda wa 525 hukua ukilinganishwa na wa 550. Ukiona uwiano huo unapanda wakati mng'ao wote unashuka, punguza nguvu ya leza au tanua doa. Kuna watu wanaotengeneza vipimajoto kwa kutumia uwiano huu huu.

Mng'ao usiporudi baada ya kupumzika, ni rangi. Kitoe kidonge ukiangalie juu ya karatasi nyeupe. Pale mwanga ulipopiga pana doa la kijivu au kahawia.

Hii ndiyo tabia inayonivutia kuliko zote, na ndiyo inayowatesa wasioijua. Kauri nyingi za feroelektriki zilizotiwa elementi za ardhi adimu hubadilika rangi zikipigwa na urujuanimno au zambarau ya karibu na nanomita 365 hadi 407. Mwanga huo huzing'oa elektroni mahali pake. Baadhi hunaswa kwenye nafasi tupu za oksijeni, na mashimo zilizoyaacha hunaswa kwenye nafasi ambazo potasiamu au sodiamu imetoroka. Kila mtego uliojaa huanza kufyonza mwanga unaoonekana, na palepale ambapo elementi ilikuwa ikitoa mng'ao wake. Hivyo mng'ao hupotea kwa njia mbili: unafyonzwa ukiwa njiani kutoka, na pia nishati inahamia moja kwa moja kwenye mtego kabla haijawa mwanga.

Utaona sasa kwa nini samariamu na europiamu ni wasumbufu. Mwanga wa 407 au 394 unaouamsha mng'ao ndio huohuo unaoipaka kauri rangi. Unapima na kuchafua kwa pamoja. Tiba yake ni kupima haraka kwa mwanga hafifu, au kuamsha kwa urefu mwingine wa wimbi, kama 465 kwa europiamu, ambao haupaki rangi upesi.

Doa hufutika ukiipasha kauri hadi karibu nyuzi 200 kwa dakika chache; mitego huachia, rangi huondoka, mng'ao hurudi. Mzunguko huo unaweza kurudiwa mara nyingi, na ndiyo sababu watafiti wanazitazama kauri hizi kama mahali pa kuandikia na kufutia habari kwa mwanga. Ukitaka kuitumia tabia hiyo, pima tofauti ya mng'ao kabla na baada ya kupaka rangi, kila mara kwa muda uleule wa kumulika.

Lakini angalia mpangilio wa kazi. Ikiwa kidonge kimeshapangwa kwa volteji, yaani mwegemeo wake umeshaelekezwa upande mmoja, nyuzi 200 zinaweza kuuvuruga mpangilio huo, hasa kwenye michanganyiko iliyosukumwa kuelekea mchemraba. Maliza vipimo vya rangi kwanza, panga kwa volteji baadaye.

Na hapa ndipo kumbukumbu ya mwanga inapokuja. Kidonge kilichoachwa dirishani kimepakwa rangi na jua bila wewe kujua, kwa kuwa kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha sehemu ya mwanga huo. Wanafunzi wawili wakipima kidonge kimoja, mmoja akiwa amekitoa kabatini na mwingine mezani karibu na dirisha, watapata majibu mawili na wote watakuwa wakweli. Ninaamuru kila kidonge kipashwe nyuzi 200, kipoe gizani, kifungwe kwenye karatasi ya alumini, na juu yake iandikwe tarehe na saa ya kupashwa. Yeyote akikifungua aandike. Ni kazi ya dakika moja.

Kijivu kisichofutika

Ukipasha na rangi isiondoke, si mwanga ulioileta. Kama weusi umekaa katikati ya kidonge na ukingo ni safi, gundi ya kufinyangia haikuungua yote. Panda polepole, nyuzi 1 au 2 kwa dakika, na ukae saa mbili karibu na nyuzi 600 kabla ya kuendelea. Kama kidonge chote kimepata kijivu baada ya kukandamizwa kwenye kalibu ya grafaiti, kimenyang'anywa oksijeni. Kipashe upya hewani au kwenye oksijeni. Kama ni umanjano au kahawia ya kudumu, tafuta chuma kilichoingia kutoka kwenye vyombo vya kusagia. Gololi za zirkonia, kamwe si za chuma.

Ukungu

Kabla ya kulalamika, jua kikomo. Uso wa KNN wenyewe hurudisha sehemu ya mwanga, na kwa hesabu ya nyuso mbili kauri isiyo na dosari yoyote hupitisha takriban asilimia 74. Kwa PLZT, inayopinda mwanga kwa karibu 2.5, ni kama 69. Kwa hiyo asilimia 68 kwenye PLZT ni kazi ya kusifiwa, na mwanafunzi aliyeniletea akiwa na huzuni nilimpa mkono.

Jaribio la kwanza ni la gazeti. Weka kidonge juu ya ukurasa wa Taifa Leo, usome. Sasa kiinue kwa sentimita moja au mbili. Maandishi yakibaki, mwanga unapita ukiwa umenyooka. Yakitoweka, mwanga unapita lakini unatawanywa, na picha ya kidonge kikiwa kimelala juu ya maandishi haithibitishi lolote. Picha nyingi tunazoonyeshwa ni za namna hiyo.

Kisha tazama rangi ya kinachopita. Ukitazama taa kupitia kidonge na ikaonekana ya kahawia au machungwa, ilhali ubavuni kidonge kina ubluu hafifu, kuna vitawanyi vidogo kuliko urefu wa wimbi. Ikiwa ni weupe wa maziwa kwa rangi zote, vitawanyi ni vikubwa, na vya kwanza kushukiwa ni vitundu vya hewa. Tofauti ya mpindo kati ya hewa na kauri ni kubwa mno, kwa hiyo vitundu vichache tu hutosha kuharibu kila kitu. Kuivisha kwenye oksijeni husaidia, kwa kuwa oksijeni iliyonaswa kwenye kitundu kilichofungwa inaweza kupenya kauri na kutoka, lakini naitrojeni ya hewa ya kawaida hubaki humo.

Msasa mbaya nao hujifanya ukungu. Panda ngazi za msasa bila kuruka, malizia kwa almasi ya maikromita 1. Dondoshea tone la mafuta kwenye uso. Uangavu ukiongezeka ghafla, tatizo ni mikwaruzo.

Ukungu wa tatu ni fuwele ya kigeni, na huu ndio unaoturudisha kwa kidonge kilichokunywa. Chukua kipimo cha difraksheni ya eksirei, kinachoonyesha ni fuwele zipi zilizomo. KNN safi huwa kimya kati ya digrii 25 na 30 kwa mionzi ya shaba. Vilele vidogo vikichomoza humo, potasiamu na sodiamu zimepungua na niobeti ya aina nyingine imezaliwa. Zikizidi badala ya kupungua, eksirei mara nyingi haioni kitu, kwa sababu ziada hiyo hukaa kwenye mipaka ya punje bila umbo la fuwele. Ila inavuta unyevu. Kwenye mji mkavu kidonge kama hicho kinaweza kuishi. Mombasa hakimalizi wiki.

Tanuri na mizani

Juu ya nyuzi 1,100 potasiamu na sodiamu hutoroka kama mvuke. Fukia vidonge ndani ya unga wa mchanganyiko uleule, kwenye chombo cha alumina chenye kifuniko. Umeme ukikatika katikati ya uivishaji, usiliwashe tanuri upya ukavihesabu vidonge hivyo pamoja na wenzake. Vimepoteza alkali mara mbili na punje zimekua. Viweke kando, na utaje kilichotokea.

Sasa mizani. Kaboneti ya potasiamu ni mlevi wa maji. Ukiiacha wazi mezani hapa kwetu, kabla ya adhuhuri imeshikamana, na ukichelewa zaidi inageuka uji. Tuseme unga wako umevuta asilimia 5 ya maji. Ukipima gramu 10 umepata 9.5 tu za kaboneti, potasiamu imepungua asilimia 5, na kwa kuwa potasiamu ni nusu ya nafasi zake kwenye fuwele, nafasi asilimia 2.5 zimebaki wazi. Nafasi hizo ndizo mitego ya rangi niliyoieleza juu. Mtu atakaa mwezi mzima akisoma fizikia ya mitego, kumbe mitego ameipima mwenyewe kwa kijiko.

Kaushia kaboneti zote mbili, ya potasiamu na ya sodiamu, kwenye nyuzi 200 usiku kucha. Zipoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye vijiwe vya silika vilivyokauka. Vijiwe vikibadilika rangi, navyo virudi kwenye oveni. Pima moja baada ya nyingine, funika kila mara, na fanya kazi asubuhi kiyoyozi kikiwa kimekausha chumba. Dirisha lifungwe kabisa, kwa sababu upepo wa bahari huleta chumvi pamoja na unyevu, na chumvi ni sodiamu ambayo hukuipanga.

Oksaidi ya lanthanamu ni hatari zaidi kwa sababu haionyeshi. Unga unabaki mweupe, mkavu, wa kupendeza, huku umegeuka hidroksaidi. Ikigeuka yote, katika kila gramu 100 unazopima una gramu 86 tu za oksaidi. Ipashe nyuzi 900 au zaidi, ipime mara tu inapopoa. Oksaidi ya erbiamu na ya europiamu hazina tabia mbaya kiasi hicho, lakini mimi huzipasha pia. Sagia kwa ethanoli, wala si maji. Pale maji yanapohitajika kuoshea vyombo, tumia yaliyokenekwa; hata maji ya betri ya kituo cha mafuta ni afadhali kuliko ya kisima chetu chenye chumvi.

Kosa jingine hufanyika kwenye daftari kabla mizani haijawashwa. Erbiamu ina chaji tatu, potasiamu ina moja. Erbiamu moja ikichukua nafasi upande wa potasiamu, lazima potasiamu au sodiamu tatu zitoke ili chaji zilingane. Anayetia erbiamu bila kupunguza alkali ameacha ziada itakayokunywa maji. Kijana wa kile kidonge alikuwa amefanya hivyo, na juu yake, kwa kuogopa mvuke wa tanuri, akaongeza alkali asilimia 3.

Kijani kimegeuka wekundu

Hili ni fupi. Erbiamu ikizidi, au ikiongezwa iterbiamu nyingi, jirani huanza kupokezana nishati, kijani hupungua na mkanda wa karibu na 660 hupanda. Tengeneza mfululizo, kwa mfano 0.1, 0.5, 1, 2 na 4 kwa mia ya moli, uone kilele kiko wapi kwenye mchanganyiko wako wewe. Usikope namba ya kauri nyingine. Ikiwa wekundu umeongezeka bila kuongeza kiungo, na mng'ao wote ni dhaifu, shuku hidroksili, yaani jozi za oksijeni na hidrojeni, zilizonaswa kutokana na unyevu. Mtikisiko wake mkubwa hunyonya nishati haraka.

Kitanzi cha polaraizesheni kimevimba

Kitanzi ni mchoro wa mwegemeo wa chaji volteji inapopanda na kushuka. Kitanzi kizuri kina ncha zilizochongoka. Kikitoka cha mviringo kama ndizi iliyonona, mkondo wa umeme unavuja, na maandishi mengi hukimbilia kuzilaumu nafasi tupu za oksijeni. Zinaweza kuwa ndizo. Lakini wakati wa masika, anza na uso wa kidonge. Utando wa unyevu wenye chumvi, usioonekana, hupitisha umeme kutoka elektrodi ya juu hadi ya chini kupitia ukingoni. Futa kwa ethanoli, kausha kwenye nyuzi 120 kwa saa moja, zamisha kwenye mafuta ya silikoni kikiwa bado na uvuguvugu, upime. Kitanzi kikichongoka, kulikuwa na maji tu. Kikibaki kimevimba, kipime tena gizani kabisa, kwa kuwa kauri yenye mitego iliyojaa hupitisha umeme zaidi ikimulikwa. Halafu kipashe nyuzi 200, kipoe ndani ya karatasi ya alumini, na ukipime mara ya tatu siku hiyohiyo, kabla hujazima kiyoyozi.